IVIG au rituksimabu: ipi inazima kingamwili asi kwenye pleti, na ipi kwa mgonjwa

Dawa mbili zinazotegemewa sana kupunguza kingamwili zinazomshambulia mwenye mwili ni kingamwili zenyewe. Ya kwanza ni imunoglobulini ya dripu, ambayo wodini na maabara wote wanaiita IVIG: IgG (aina ya kingamwili iliyo nyingi zaidi katika damu) iliyochujwa kutoka plazima ya maelfu ya wachangiaji na kuchanganywa pamoja. Ya pili ni rituksimabu, kingamwili ya aina moja tu, iliyoundwa kushika alama iitwayo CD20 juu ya seli B. Kwa kuwa zote huingia kwa dripu na zote hushusha kingamwili asi (nitaziita hivyo zile zinazomgeuka mwenyewe), watu huziweka kapu moja. Zijaribu kwenye seli zilizooteshwa maabara, ndani ya pleti (sahani yenye vishimo vidogo), uone: kila moja ina njia yake, na kuna nyakati ambapo moja haifanyi lolote.

Namwandikia mwanafunzi wa uzamili au mtaalamu wa maabara anayetaka kuchagua moja kwa jaribio lake, na pia muuguzi, daktari kijana au ndugu wa mgonjwa anayejiuliza kwa nini huyu kapewa hii na yule ile. Ushauri wangu kwa wote ni mmoja: kabla ya kutaja dawa, taja seli. Kingamwili asi unayotaka kuizima inamwagwa na seli gani, na je, seli hiyo bado imebeba kile ambacho dawa yako inakishika?

Nani anaitengeneza

Seli B huzaliwa kwenye uboho wa mifupa, hupevuka, hukutana na kitu cha kuiamsha, kisha baadhi hubaki kuwa seli za kumbukumbu na baadhi hugeuka kuwa wamwagaji wa kingamwili. Wamwagaji hao ni wa aina mbili. Kuna plazimablasti, ambazo huishi siku au wiki chache na lazima zijazwe upya na seli B zilizo nyuma yake. Halafu kuna seli za plazima za muda mrefu, ambazo hujichimbia kwenye uboho na kumwaga kingamwili kwa miaka. CD20 huonekana mapema katika maisha ya seli B na kudumu hadi kwenye seli za kumbukumbu. Seli ikishakuwa ya plazima, alama hiyo imekwisha ondoka.

Miastenia, ugonjwa wa misuli kulegea, unaonyesha vizuri kwa nini jambo hili lina uzito. Wagonjwa wengi wana kingamwili asi dhidi ya kipokezi cha asetilikolini, kinachopokea ishara ya neva kwenye msuli. Wachache wanazo dhidi ya protini iitwayo MuSK. Mwaka 1978 watafiti wa London walionyesha kwamba limfosaiti (seli nyeupe za kinga, zikiwemo seli B) kutoka tezi ya thaimasi za wagonjwa wa kundi la kwanza, zikioteshwa, zinatengeneza kingamwili hiyo ndani ya pleti. Kingamwili za MuSK, ambazo nyingi ni IgG4 (aina ndogo ya IgG), zinaelekea kutoka kwa plazimablasti za muda mfupi. Sasa njoo wodini: rituksimabu huwafaa sana wagonjwa wa MuSK, na wale wa asetilikolini huwafaa kwa kiasi kidogo zaidi. Dawa ni ileile na dalili zinafanana. Kinachotofautiana ni seli.

Kingine cha kuweka akilini kabla ya kulinganisha ni nini hasa kinapimwa. Kiwango cha kingamwili katika damu ni kilichotengenezwa kutoa kilichovunjwa, na IgG ya kawaida hupungua kwa nusu kila baada ya wiki 3 hivi. Kikishuka, damu haikuambii kama uzalishaji umepungua au uvunjaji umeongezeka. Kwenye kishimo cha pleti, uvunjaji huo karibu haupo. Kinachojikusanya ndani ya kimiminika kwa siku 7 ni uzalishaji. Ndiyo sababu watu wanaendelea kuhangaika na kuotesha seli ingawa kuchukua damu ni rahisi zaidi.

IVIG kwenye pleti

IVIG imetokana na imunoglobulini iliyotumika kama dawa ya upungufu. Ogden Bruton wa Marekani aliripoti mwaka 1952 kuhusu mtoto asiye na gamaglobulini (kingamwili za kwenye damu) ambaye alimtibu kwa kumpa imunoglobulini chini ya ngozi. Mwaka 1981 Paul Imbach na wenzake wa Bern, Uswisi, wakaripoti jambo lisilotarajiwa: watoto ambao kinga yao ilikuwa ikiharibu chembe sahani za damu walipopewa gramu 0.4 kwa kilo kila siku kwa siku 5, chembe hizo zilipanda haraka. Tangu hapo watu wanabishana inafanyaje kazi.

Njia ni nyingi, na huo ndio udhaifu wake kwa mtu anayetaka jaribio safi. Niels Jerne alipendekeza mwaka 1974 kwamba kingamwili hutambuana zenyewe kwa zenyewe, na kwamba mtandao huo huzidhibiti. Miaka 10 baadaye kundi la Paris lilifuatilia wagonjwa wenye kingamwili asi dhidi ya faktori VIII ya kugandisha damu, likaona IVIG inazishusha, na kwamba mikono ya IVIG peke yake, bila mkia, inatosha kuzizuia ndani ya mrija (kingamwili ina umbo la Y: mikono miwili hushika shabaha, na mkia, uitwao Fc, hushikwa na seli nyingine). Njia ya pili hupita kwenye mkia. Mkia wa Fc unaweza kushika FcγRIIB, kipokezi cha kuzuia kilichoko juu ya seli B. Kikivutwa pamoja na kipokezi cha antijeni (kitu ambacho kingamwili hukishika), kimeng'enya SHIP hufika na ishara ya kuiamsha seli hukatwa. Ya tatu ni FcRn, protini inayookoa IgG isivunjwe. Ukiijaza kwa IVIG, IgG zote, pamoja na zile asi, huvunjwa kwa kasi. Hii ya tatu ni ya mwilini. Usitarajie ikueleze chochote kuhusu ulichokiona kwenye pleti.

Ukitaka kutenganisha ya kwanza na ya pili, kimeng'enya pepsini kinakusaidia. Kinakata mkia na kukuachia mikono miwili iliyoshikana, F(ab')2. Weka IVIG nzima kwenye vishimo vya kwanza, F(ab')2 kwenye vya pili, Fc peke yake kwenye vya tatu. Kama ni IVIG nzima tu inayozima, fuata kipokezi cha mkia. Kama mikono peke yake inatosha, fuata utambuzi.

Hapa ndipo panapohitaji subira, kwa sababu IVIG ina mitego ambayo imewadanganya wengi. Dozi yake ni kubwa mno. Seramu ya mtu mzima ina IgG miligramu 7 hadi 16 hivi kwa mililita, na baada ya dozi kamili hupanda zaidi ya maradufu. Ndiyo maana majaribio mengi hutumia miligramu 10 hadi 25 kwa mililita kwenye kishimo. Chupa ya asilimia 10 ina miligramu 100 kwa mililita. Ukitaka 25, robo nzima ya kishimo chako sasa ni kimiminika cha chupa, chenye glaisini au sukari ya kuhifadhi dawa, na virutubisho vya seli vimepunguzwa kwa robo. Seli zikizorota, utasema IVIG imezizima. Chuja IVIG usiku kucha dhidi ya RPMI (kimiminika cha kuoteshea seli) kwenye mfuko wa dayalisisi, na kishimo cha kulinganishia kiwe na albumini ya binadamu kwa kiwango kilekile cha protini. Kishimo kitupu hakikupi ulinganisho wa haki.

Mtego mkubwa zaidi ni wa upimaji. Umemwaga miligramu za IgG ndani ya kishimo, halafu unataka kupima IgG iliyotengenezwa na seli, ambayo ni mikrogramu. ELISA (kipimo cha kiasi cha kingamwili kwenye kimiminika) ya IgG yote itapiga juu hadi mwisho wa mashine. Hata ELISA ya antijeni maalumu ina tatizo, kwa sababu IVIG yenyewe imebeba kiasi kidogo cha kingamwili asi za asili kutoka kwa wachangiaji wenye afya. Na upande wa pili, mikono ya IVIG inaweza kuifunika kingamwili asi isishike antijeni ya kwenye pleti ya ELISA. Namba inashuka, unaandika kwamba uzalishaji umezimwa, kumbe seli ziliendelea kumwaga kama kawaida na kilichotokea ni kufunikwa tu.

Dawa ya tatizo hilo ni rahisi na hairukwi. Chukua kimiminika cha vishimo visivyopewa kitu, kiongeze IVIG kwa kiwango kilekile baada ya kuwa umeshakivuna, kisha pima. Kikishuka sawasawa na kile cha vishimo vilivyooteshwa na IVIG tangu mwanzo, hujaona kuzimwa kwa uzalishaji. Bora zaidi tumia ELISPOT: vuna seli, zioshe mara kadhaa, zihamishie kwenye pleti nyingine yenye antijeni, na uhesabu madoa. Kila doa ni seli moja inayomwaga, na IVIG nyingi imebaki kwenye maji ya kuoshea.

Rituksimabu kwenye pleti

Rituksimabu iliidhinishwa Marekani mwaka 1997 kwa ajili ya limfoma (saratani ya limfosaiti), na mwaka 2006 kwa baridi yabisi kali. Kwa jaribio ni rahisi kuielewa kuliko IVIG: shabaha ni moja, na mikrogramu 10 kwa mililita ni dozi ya kawaida, yaani mara elfu moja au zaidi chini ya ile ya IVIG.

Kinachowashangaza wengi ni pale wanapotenga seli B safi kabisa, wakaziweka rituksimabu, na kesho yake wakazikuta hai. Dawa haijaharibika. Yenyewe inashika tu. Kazi kubwa ya kuua hufanywa na wengine, hasa seli NK (seli za kinga zinazoua) zinazoshika mkia wake, makrofeji (seli za kinga zinazomeza), na komplimenti (protini za damu zinazotoboa seli). Ulipotenga seli B umewatoa NK. Na seramu ya ndama uliyoipasha nyuzi 56 kwa dakika 30 imepoteza komplimenti, kwani hiyo ndiyo sababu ya kuipasha. Ukitaka kuona rituksimabu ikifanya kazi, tumia seli zote za damu zenye kiini kimoja bila kuzitenga, na ongeza seramu mbichi ya binadamu, au tumia damu nzima.

Jambo la pili ni muda. Ukiiweka mwanzoni, kabla ya kuchochea seli za kumbukumbu, wamwagaji watakaotokea siku ya 6 au 7 watapungua kwa sababu wazazi wao wameuawa. Ukisubiri hadi seli zigeuke ndipo uiweke, CD20 imeshashuka au kutoweka na dawa haina pa kushika. Ni kufunga chuo huku wahitimu wakiwa wameshaajiriwa. Wodini jambo hilohilo huonekana kwa wagonjwa wa lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia viungo vingi vya mwili: baada ya rituksimabu, kingamwili asi dhidi ya DNA mara nyingi hushuka, ilhali zile za anti-Ro (kingamwili asi nyingine ya lupasi), na za pepopunda ambazo mtu alizipata kwa chanjo, hubaki karibu palepale. Nadhani hakuna jaribio la maabara linaloeleza seli za plazima za muda mrefu vizuri kuliko hilo.

Mitego yake ni midogo lakini ipo. Rituksimabu ina mwili wa IgG1 ya binadamu, kwa hiyo ELISA ya IgG yote itaihesabu. Na usihesabu seli B kwa kutumia CD20 kwenye flosaitometa (mashine ya kuhesabu seli kwa alama zake); dawa imeshakalia sehemu hiyo, utaona seli zimetoweka hata kama zimejaa. Tumia CD19, alama nyingine ya seli B.

Ukiziweka pamoja

Usifanye hivyo kwenye kishimo kimoja bila sababu ya msingi. IVIG inajaza vipokezi vya Fc vya seli NK, ndivyo vilevile ambavyo rituksimabu inavitegemea kuua. Mwilini pia, IVIG inapojaza FcRn, inaharakisha kuvunjwa kwa rituksimabu kwa sababu nayo ni IgG. Kuna magonjwa ambayo madaktari huzitumia zote mbili, lakini hupanga nafasi kati ya moja na nyingine.

Kwa mgonjwa

Hapa maswali yanabadilika: inafanya kazi upesi kiasi gani, inadumu muda gani, na inaweza kuleta madhara gani.

IVIG ni ya dharura. Mtu anayeshindwa kupumua kwa miastenia, au mwenye Guillain-Barré (kinga kushambulia neva na kuleta kupooza), au mtoto ambaye chembe sahani zimeshuka na anavuja damu, anahitaji kitu cha siku chache, na IVIG hufanya hivyo. Haidumu, baada ya wiki kadhaa imekwisha. Rituksimabu ni kinyume chake: inachukua wiki hadi miezi kuonyesha matunda, lakini seli B hukaa zimepungua kwa miezi 6 na zaidi. Katika pemfigasi, ugonjwa wa malengelenge ya ngozi na kinywa, utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba asilimia 89 ya waliopewa rituksimabu pamoja na steroidi za muda mfupi walikuwa wamepona bila dawa baada ya miaka 2, dhidi ya asilimia 34 ya waliopewa steroidi pekee. Kwa ugonjwa huo sioni sababu ya kuanza na IVIG kama rituksimabu inapatikana.

Hesabu ya chupa nayo ina neno lake. Dozi kamili ya IVIG ni gramu 2 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 120, yaani chupa 12 za gramu 10, zikigawanywa kwa siku 2 hadi 5 za kukaa kwenye dripu, na huenda mzunguko ukarudiwa mwezi ujao. Mtoto wa kilo 12 anahitaji gramu 24. Rituksimabu kwa baridi yabisi ni miligramu 1000 mara mbili kwa nafasi ya wiki 2, uzito wowote ule. Tangu mwaka 2007 India imekuwa ikitengeneza rituksimabu za kufanana na ile ya asili, na bei imeshuka sana kuliko zamani. Plazima ya binadamu haitengenezwi kiwandani, kwa hiyo IVIG haijashuka kwa namna hiyo.

Madhara ya IVIG mengi ni ya dripu yenyewe: kichwa kuuma, baridi, homa. Makubwa ni damu kuganda, figo kuumia (hasa kwa bidhaa zenye sukrosi), na chembe nyekundu kuvunjika kwa watu wa kundi A, B au AB. Bidhaa zenye maltosi zinaweza kuifanya mashine fulani za kupimia sukari nyumbani zisome juu kuliko hali halisi, na mgonjwa wa kisukari akajidunga insulini asiyoihitaji.

Rituksimabu inaogopesha zaidi kwa maambukizi. Homa ya ini aina B iliyolala inaweza kuamka kwa ukali wa kuua, na katika ukanda wetu wenye virusi hivyo ni wengi, kwa hiyo HBsAg (alama ya maambukizi yaliyopo) na anti-HBc (kingamwili ya aliyewahi kuambukizwa) hupimwa kabla ya dozi ya kwanza bila mjadala. Sasa angalia mtego huu, ambao unaziunganisha dawa zote mbili: IVIG hubeba anti-HBc za wachangiaji. Mgonjwa aliyepewa IVIG Jumatatu na kupimwa Ijumaa anaweza kuonekana amewahi kuambukizwa wakati hajawahi. Damu ya kipimo hicho ichukuliwe kabla ya chupa ya kwanza ya IVIG, hata kama rituksimabu bado ni wazo tu.

Chanjo nazo zipangwe. Baada ya rituksimabu, mwili hauna seli B za kuitikia chanjo, hivyo zisizo hai hutolewa wiki 4 au zaidi kabla. Baada ya IVIG ya gramu 2 kwa kilo, chanjo ya surua ya mtoto husogezwa kwa miezi 11, kwa sababu kingamwili za wachangiaji zitaimaliza kabla haijafundisha chochote. Mjamzito kwa kawaida hupewa IVIG. Rituksimabu huepukwa kwa kuwa mtoto anaweza kuzaliwa na seli B chache.

Nyingine, kwa kifupi

Belimumabu, iliyoidhinishwa mwaka 2011 kwa lupasi, haiui. Inanyang'anya seli B chakula chake, BAFF. Inachukua miezi. Kwenye pleti ya siku 7 yenye vichocheo vikali huenda usione kitu, na hilo halimaanishi dawa ni mbovu. Daratumumabu hushika CD38, ambayo seli za plazima zimejaa nayo, kwa hiyo ndiyo ya kujaribu pale rituksimabu inapogonga mwamba. Kwa sasa ni dawa ya saratani ya seli hizo zaidi kuliko ya magonjwa haya, ingawa mwaka 2020 madaktari wa Berlin waliripoti wagonjwa 2 wa lupasi kali walionufaika. Efgatigimodi, iliyoidhinishwa mwaka 2021 kwa miastenia ya asetilikolini, ni mkia wa Fc tu unaojaza FcRn. Inashusha IgG kwa zaidi ya nusu bila kugusa uzalishaji. Ukiiweka kwenye seli zinazomwaga kingamwili usitegemee lolote; ni dawa ya mwilini.

Na kwa wanaouliza kuhusu sindano ya anti-D wanayopewa akina mama wenye damu hasi: ile pia ni kingamwili inayozuia kingamwili, na imetumika tangu 1968. Lakini inazuia mwili usianze. Mama aliyekwisha anza kuzitengeneza haimsaidii.

Basi uchague ipi

Kwa jaribio linalouliza kingamwili zinadhibitije seli B zilizo hai, chagua IVIG pamoja na vipande vyake, na uwe tayari kutumia nusu ya pleti kwa vishimo vya kulinganishia. Kwa jaribio linalouliza kingamwili asi inatoka kwenye seli ipi, chagua rituksimabu mwanzoni mwa kuotesha na daratumumabu mwishoni, ukitumia seli ambazo hazijatengwa. Kama wachangiaji wako wa damu wanaishi kwenye eneo la malaria, kumbuka kwamba tafiti za Mali na Kilifi zimeonyesha wengi wao wana seli B za kumbukumbu zisizo za kawaida, zinazoitikia vichocheo kwa uvivu. Chukua wa kulinganisha kutoka eneo lilelile, usitumie damu ya mtu wa mji wa baridi usio na mbu.

Kwa mgonjwa: hali ya hatari leo, IVIG. Pemfigasi, MuSK, au figo na mishipa ya damu iliyoshambuliwa, rituksimabu, baada ya kipimo cha homa ya ini. Kama kingamwili asi hazijasogea hata kidogo miezi 6 baada ya rituksimabu wakati CD19 kwenye damu ni sifuri, kurudia dozi ileile hakutabadilisha kitu. Seli B zimeshaondoka. Anayemwaga yuko kwenye uboho, na daktari aulizwe kuhusu dawa inayomfikia huko.